Joginder Singh na Gari Dogo Lililoushinda Mlima

Katika watu waliojipatia jina hapa Afrika ya Mashariki kwa kazi ya mikono na wala si kwa wingi wa maneno, sina budi kumhesabu Joginder Singh. Kijana wa leo akilisikia jina hili huenda akadhani ni la mwenye duka la vyuma. Lakini muulize mtu yeyote aliyevuka umri wa miaka hamsini, awe wa Lamu, Mombasa au Nyeri, atakwambia bila ya kufikiri kwamba huyo ndiye Simba wa Kenya, Kalasinga aliyeshinda mashindano ya magari ya Safari mara tatu, yaani mwaka 1965, mwaka 1974 na mwaka 1976. Imekwisha kupita zaidi ya miaka kumi tangu alipofariki dunia, na naona ni haki maisha yake yasimuliwe tena katika ukurasa huu.

Tena ninayo sababu nyingine. Wengi hukumbuka mbio zake, lakini ni wachache wanaokumbuka alizikimbia kwa gari la namna gani. Ushindi wake wa pili na wa tatu aliupata kwa gari dogo, jepesi, lenye injini ya lita 1.6 tu, mbele ya magari yenye nguvu zaidi na bei kubwa zaidi. Na mwaka ule wa kwanza aliposhinda kwa gari hilo ulikuwa ni mwaka wa shida ya mafuta ulimwenguni. Siku hizi ambapo kila mwenye gari huutazama mshale wa petroli kwa hofu, hadithi ya mtu huyu ina mengi ya kutufunza.

KALASINGA WA KERICHO

Joginder alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari, 1932, katika jamaa ya Makalasinga wenye asili ya Punjab. Sisi watu wa pwani tunawajua Makalasinga tangu siku za kujengwa reli ya kutoka Mombasa kwenda Kisumu, kazi iliyoanza mwaka 1896. Walikuja wengi miongoni mwao wakiwa maseremala, waashi na wahunzi, na chuma kikawatii. Ndiyo maana mpaka leo, bara na pwani, mtu akiwa hodari wa kufungua na kufunga injini wenzake humtania kwa kumwita Kalasinga, hata awe Mgiriama au Mkikuyu.

Kijana Joginder naye alianza kwa spana kabla ya usukani. Alifanya kazi ya ufundi wa magari gereji, akachafuka grisi kama mafundi wengine. Mwaka 1958 akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika ya Mashariki, akawa mtu wao wa kwanza wa doria za barabarani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia wanachama walioharibikiwa.

Nataka msomaji aifikirie vyema kazi hiyo. Mtu anayeketi nyuma ya usukani huliona gari linapokwenda. Mtu wa doria huliona linapokufa. Huona springi iliyokatika kwa sababu ya mzigo, rejeta iliyochemka mlimani, na mpira uliopasuka kwa sababu dereva alilipiga shimo kwa ghadhabu. Kwa macho yangu, chuo alichosomea Joginder ndicho hicho. Alipoingia mashindanoni alikuwa amekwisha jifunza kwamba gari halishindi kwa kukimbia tu, bali hushinda kwa kufika.

MASHINDANO YALIYOTOKANA NA JAMBO LA NYERI

Mashindano yenyewe ya Safari yana mzizi wake karibu na mji wa Nyeri. Mwezi wa Februari mwaka 1952 Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, alikuwa mgeni katika hoteli ya Treetops, ile iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, si mbali na Nyeri. Usiku ule baba yake alifariki, naye akawa malkia. Mwaka uliofuata, 1953, alipotawazwa, wapenda magari wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliandaa mbio za kuadhimisha kutawazwa huko. Watawala walikwenda zao, na mbio zikabaki kuwa mali ya wananchi. Kila Pasaka watu walijipanga kando ya barabara kutoka alfajiri, na waliokuwa mbali walitegea sikio redio.

Tangu mwanzo magari madogo yalionyesha kwamba hayapaswi kudharauliwa. Ile Volkswagen yenye mgongo wa kobe ilishinda mwaka 1954 ikiendeshwa na Vic Preston, ikashinda tena mwaka 1957 kwa mkono wa Gus Hofmann, na mara nyingine mwaka 1962 kwa mkono wa Tommy Fjastad. Mwaka huo wa 1962 mwanamke wa Kiingereza, Pat Moss, alimaliza wa tatu kwa Saab yenye injini isiyofika hata lita moja. Mwaka 1964 Erik Carlsson wa Sweden akawa wa pili kwa Saab ya namna hiyo hiyo.

Joginder aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Miaka ikapita akijifunza. Mwaka 1965 akaja na Volvo ya aina ya PV544, gari lililokwisha tumika, ambalo kampuni lilikuwa limelileta mashindanoni mwaka uliotangulia bila ya bahati. Yeye alilinunua, akalifungua na kulifunga upya kwa mikono yake, akamchukua ndugu yake Jaswant akae upande wa pili, wakatoka. Waliporudi Nairobi walikuwa mbele ya kila mtu kwa zaidi ya saa moja. Alishinda Safari kwa gari lililokataliwa na wenyewe.

VITA VYA RAMADHANI NA BEI YA PETROLI

Sasa natufike kwenye mwaka 1973. Tarehe 6 Oktoba, nayo ilikuwa siku ya 10 ya mwezi wa Ramadhani, majeshi ya Misri na Syria yaliingia vitani na Israeli. Siku chache baadaye nchi za Kiarabu zenye mafuta, Saudi Arabia ya Mfalme Faisal ikiwa mbele, zilipunguza uchimbaji na kuzinyima mafuta Marekani na Uholanzi. Pipa moja la mafuta lililokuwa likiuzwa kwa dola zipatazo 3 lilikaribia dola 12 ilipofika Januari 1974.

Mataifa makubwa yaliyozoea magari marefu kama mashua yakajikuta kwenye foleni za petroli. Marekani ikapunguza mwendo wa barabara kuu hadi maili 55 kwa saa, na mwaka 1975 ikatunga sheria ya kuwalazimisha watengenezaji waunde magari yanayokwenda mbali zaidi kwa mafuta kidogo. Waliofaidika zaidi ni Wajapani, ambao tangu zamani walikuwa wakiunda magari madogo kwa sababu nchi yao karibu haina visima vya mafuta. Kweli kamba hukatikia pembamba, lakini safari hii iliyokatika ilikuwa ile nene.

Michezo ya magari nayo ikaguswa. Mashindano ya Monte Carlo na yale ya Sweden, ambayo kwa kawaida hufungua mwaka, yote mawili yalifutwa mwaka 1974 kwa ajili ya shida ya mafuta. Lakini Safari ilifanyika, na ikawa ya pili tu katika mashindano ya ulimwengu ya mwaka ule, baada ya yale ya Ureno.

Wakati huo ndipo Joginder alipokuja na Mitsubishi Colt Lancer ya lita 1.6, akiwa na mwenzake David Doig. Kwa umbo lilikuwa gari ambalo mwalimu wa shule angeweza kulinunua apeleke watoto wake. Mbele yake walikuwapo mabingwa kutoka Ulaya. Björn Waldegård wa Sweden alikuwa na Porsche Carrera. Harry Källström, naye wa Sweden, alikuwa na Datsun ya lita 2.6. Mvua ya mwaka ule ilikuwa kubwa mno, na barabara zikageuka matope. Mwisho wa mambo Kalasinga wa Kericho alikuwa wa kwanza, Porsche ikawa ya pili, na wa tatu akawa Mtaliana Sandro Munari, naye pia akiwa na gari dogo, Lancia Fulvia. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika mashindano ya ulimwengu ya aina hiyo.

Walidhani ni bahati. Mwaka 1976 akarudi na Lancer ile ile ya lita 1.6, na Doig yule yule, akashinda tena. Mara hii nafasi zote tatu za mwanzo zilichukuliwa na Lancer. Akawa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Baadaye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alimpita kwa kufikisha mara tano, lakini aliyefungua mlango ni Joginder.

MLIMA KENYA HAUDANGANYWI

Mimi ni mtu wa chumvi na mnazi, na mlima naujua kwa kupita. Lakini kazi ya uandishi imenipeleka Nyeri mara kadhaa, na kutoka huko nimezunguka Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, Nanyuki, Meru, Chuka na Embu, nikarudi kwa Karatina. Safari katika enzi zake ilizunguka sana huko. Leo njia hiyo kubwa ni lami. Zamani sehemu nyingi zilikuwa udongo mwekundu, ambao mvua ikinyesha huteleza kama sabuni, na baina ya Meru na Embu mito iteremkayo kutoka mlimani haihesabiki. Kila mto una bonde, kila bonde lina mteremko wa kona na mpando wa kona.

Hapo ndipo mtu anapofahamu kilichokuwa kikiwasumbua wenye magari makubwa. Gari zito likizama tope, watu sita hawalitoi. Jepesi hutolewa na watu watatu wenye mabega. Zito likiteremka, breki hupata moto. Likipanda, injini hunywa. Na kadiri unavyopanda juu, hewa huwa nyembamba. Nyeri iko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Hapo kila kilo ya chuma isiyo na kazi hudai haki yake. Ni kama mtu anayekwea mnazi na gunia mgongoni. Atafika labda, lakini atakuwa hana pumzi ya kuangua nazi.

Pale Karatina nilizungumza na mzee mmoja fundi wa magari, mwenye gereji ya mabati karibu na soko. Alinieleza kwamba alipokuwa kijana alisimama kando ya barabara, amejifunika gunia kwa mvua, kumngojea Joginder. Jambo lililombakia moyoni si kasi. Ni kwamba magari mengine yalipita yakiunguruma na kurusha mawe, lakini la Joginder lilipita kama linalochagua pa kukanyaga. Mzee alisema tangu siku ile akaelewa kwamba dereva na fundi ni mtu mmoja.

Ni lazima niseme kweli hapa. Gari la mashindano halibani mafuta. Mguu wa dereva ukiwa chini mchana na usiku, hata Lancer ilikunywa petroli kwa pupa. Kwa hiyo sisemi kwamba Joginder alikuwa akiweka akiba. Nasema kwamba alithibitisha mbele ya watu wote jambo ambalo wengi hawakuliamini, kwamba gari dogo si gari dhaifu. Na dhana hiyo ya udhaifu ndiyo inayotufanya mpaka leo tununue chuma tusichokihitaji.

Wala hakuwa wa mwisho kuthibitisha hivyo. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru aliingia Safari kwa Subaru Vivio, kigari cha injini ya sentimita za ujazo 660, ambacho mtu akikiona atadhani ni cha kubebea mboga. Alimaliza wa 12 na kushinda katika kundi lake. Wengi waliokuwa na magari makubwa waliishia njiani.

STENDI YA NYERI NA HESABU YETU

Ukifika stendi ya Nyeri leo utaona funzo hilo likitembea. Magari yanayokwenda Othaya, Mukurwe-ini, Karatina na vijiji vya mlimani ni Toyota Probox, magari madogo ya lita 1.3 au 1.5 yaliyoundwa Japani kwa ajili ya wachuuzi. Hubeba abiria, viazi, maziwa na kuku. Kweli mara nyingi hujazwa watu kupita kiasi, na hilo ni hatari isiyofaa kusifiwa. Lakini wenye magari hayo ni watu wa hesabu. Petroli yao hushuka melini Mombasa, hupita bombani mpaka Nairobi, kisha hupandishwa mlimani kwa malori. Wanaijua thamani ya kila lita.

Sisi wa pwani, ambao mafuta hushukia mlangoni petu, ndio tunaosahau. Mwaka 2023 bei ya lita moja ilipita shilingi 200 nchini Kenya. Hata hivyo bado naona katika mitaa yetu mtu wa watoto wawili, ambaye safari yake ni nyumbani, dukani na msikitini, akinunua gari la tani mbili ili majirani wamwone. Shauri lake, lakini na tufanye hesabu ya kibandani. Kutoka Mombasa mpaka Nyeri ni kilomita zipatazo 630. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita litataka lita 42. Kubwa linalokwenda kilomita 7 kwa lita litataka lita 90. Tukichukulia lita moja ni shilingi 180, tofauti ni shilingi 8,640 kwenda tu. Kwenda na kurudi ni shilingi 17,280, nayo ni karo, ni dawa ya mzazi, ni sadaka. Watu wote wamefika Nyeri, wameona mlima ule ule. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukikausha.

Mwenye kubeba saruji anunue lori, na mwenye shamba kwenye tope asiloweza kulikwepa atafute gari la kazi hiyo. Sina ugomvi na haja. Ugomvi wangu ni na fahari. Tulipokuwa wadogo chuoni tulisomeshwa kwamba israfu ni mbaya hata katika maji ya kutawadhia, na hata kama mtu yuko ukingoni mwa mto unaokwenda. Ikiwa maji ya mto yana hesabu, vipi petroli inayonunuliwa kwa jasho na kuacha moshi kwa jirani?

MWISHO WA SIMBA

Joginder aliendelea na Safari mpaka mwaka 1980. Kwa jumla aliingia mara 22 na kumaliza mara 19. Hesabu hii ya pili mimi huipenda kuliko ile ya vikombe. Katika mashindano ambayo kwa kawaida wengi wa walioanza hawakufika mwisho, yeye karibu kila mara alilirudisha gari nyumbani. Ushindi wa mara tatu waweza kusaidiwa na bahati, lakini kufika mara 19 ni tabia ya mtu.

Alifariki London tarehe 20 Oktoba, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Mwezi mmoja tu kabla yake, kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichokuwa kikifanya kazi tangu miaka ya mwanzo ya 1960, kilikuwa kimeacha kusafisha mafuta ghafi. Tangu hapo kila tone la petroli tunalochoma huja limekwisha tengenezwa ng'ambo, na bei yake huamuliwa na watu tusiowajua. Mambo hayo mawili hayana uhusiano, lakini mimi nimeyaweka pamoja katika daftari langu.

Mtu huyu hakuwa wa dini yetu wala hakuwa wa pwani yetu, na kilemba chake hakikufungwa kama vyetu. Lakini mtu mwema wa kazi ni mwalimu wa watu wote. Alichukua gari lililokataliwa akashinda nalo, kisha akachukua gari dogo akashinda nalo mara mbili, na hatukusikia watu wakimpunguzia heshima kwa sababu bonneti yake ilikuwa fupi. Basi wewe unayekwenda kununua gari mwezi ujao, kabla hujatia sahihi, jiulize unakwenda wapi, na watu wangapi, kwa barabara gani. Ukishajibu maswali hayo matatu kwa haki, utaona kwamba gari linalokutosha ni dogo kuliko lile ulilokuwa ukiliota.